Kiti Nilichokipokea kwa Mikono Miwili

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu. Siku hiyo nilipewa kiti. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikakikalia, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nakoroma juu yake. Utaniuliza, kosa liko wapi hapo? Subiri. Mimi ni fundi wa nguo, na fundi wa nguo haanzi shati kwenye vifungo.

Kwanza unijue. Cherehani yangu iko barazani kwangu hapa mjini Baraka, na baraza liko hatua tatu kutoka kitandani. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma ya serikali, nikaitundika ukutani, na tangu siku ile sikuona tena sababu ya maana ya kutoka nyumbani. Ziwa liko mwendo wa robo saa kwa miguu. Kuna mwaka mzima sikuliona. Mke wangu huwaambia wageni kwamba mume wake anaijua Baraka kwa kuhadithiwa, na mimi sijawahi kumkanusha. Ubaya wake ni huu: mtu akaaye barazani kutwa hudhani anaona kila kitu, kwa kuwa watu wote wanapita mbele yake.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka hamsini. Usicheke. Ukifika sitini kama mimi, hamsini utaiona ni umri wa kuchunga mbuzi.

Jirani yangu wa mkono wa kulia alikuwa Mzee Wilondja, mvuvi wa Ubwari ambaye magoti yalimtoa majini, akabaki nchi kavu kushona nyavu za wengine. Kwa kuwa sote wawili tulikuwa watu wa sindano, alinitania bila huruma. Alikuwa akisema kwamba mimi nashona vitu vya kufunika tumbo, na yeye anashona vitu vya kulijaza, basi mwenye akili aamue nani fundi. Nilikuwa nakasirika, kisha naingia ndani kucheka.

Mke wake alifariki mwaka mmoja kabla ya hayo ninayokusimulia. Hakulia mbele ya watu. Tulimsifu kwa hilo, tukasema huyu ni mwanaume wa zamani. Lakini kidogo kidogo, sauti ya upande wa kulia ikapungua. Nyavu zikaanza kurundikana mlangoni kwake bila kuguswa. Aliacha kwenda misa. Alikonda. Usiku hakulala, asubuhi alikaa na macho mekundu akitazama ukuta wa jirani, na jirani mwenyewe ni mimi, kwa hiyo nilijua alikuwa haangalii chochote cha kupendeza. Mtaani tulikuwa na majibu ya kutosha. Huyu alisema ni uzee, yule akasema ni mke wake anamwita, na wale wasiokosekana wakanong'ona habari za uchawi. Katekista alimwambia aombe zaidi. Kila mtu alikuwa na jibu, mwanangu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza swali.

Siku moja akaniambia mwenyewe, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali: "Fundi, mi nimekuwa muzigo kwa batu."

Sasa sikia hekima yangu. Nilimjibu kwamba uzee ni zawadi ya Mungu, wangapi wameutafuta wasiupate, kwa hiyo ashukuru. Sentensi hiyo ilinipendeza sana. Mchana niliirudia kwa mke wangu tukiwa tunakula ugali, ili naye anufaike. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nililinyanyua lile kanda kwa kidole kimoja nikaona halina uzito. Mzee aliniangalia, akasema "Ndiyo," akarudi kwake. Kumbe alikuwa amebisha hodi, na mimi nikamjibu kwa methali badala ya kumfungulia.

Wiki mbili baadaye akaanza kugawa vitu.

Na hapa lazima nikueleze jambo letu. Kwetu zawadi ya mzee haikataliwi. Bibi yangu alinipiga kofi nikiwa mtoto kwa sababu nilipokea hindi la kuchoma kwa mkono mmoja kutoka kwa babu. Mzee akikupa kitu chake alichokitumia, amekupa na umri wake uliomo ndani. Unapiga goti, unanyoosha mikono miwili, na kukirudisha ni kama kumtemea mate. Kwa hiyo Mzee Wilondja alipomtumia katekista taa yake ya kuvulia, alipompa mpangaji wake redio, mtaa mzima ulifurahi. Tukasema, mnaona, maombi yamefanya kazi, mzee amepata amani, anatubariki. Kweli uso wake siku hizo ulikuwa umetulia. Utulivu ule ulitudanganya kuliko kitu kingine.

Mimi alinipa kiti chake cha kulalia, kile cha mbao na turubai ambacho Wabelgiji walituachia jina lake gumu la Kifaransa. Nilikuwa nakitamani kile kiti tangu siku niliyohamia mtaa huu. Alikileta mwenyewe, akikokota magoti yake. Nikapiga goti, nikapokea, nikamwambia nyumba yake sasa itakuwa na nafasi. Akasema kwake hakina kazi tena. Maneno hayo yaliingia masikioni mwangu yakatoka upande wa pili, kwa sababu akili yangu yote ilikuwa imeshakaa kwenye turubai.

Nililala. Nilipoamka, Mama Faida alikuwa amesimama mbele yangu na sufuria kichwani.

Mama Faida ni jirani yangu wa mkono wa kushoto, anauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, sokoni, na kwa kuwa amenipita miaka minane namwita yaya, yaani dada mkubwa. Hajasoma sana. Darasa la nne aliliacha katikati, anasema mwalimu alikuwa anauliza vitu ambavyo mwenyewe alishavijua. Sauti yake inafika ziwani kabla yake. Wengi mtaani walimwona ana mdomo, na mimi, mwenye diploma, nilikuwa mmoja wao.

"Hiki kiti si cha Mzee Wilondja?"

Nikamwambia ndicho, amenipa leo asubuhi, na kwamba nimekipokea vizuri, kwa mikono miwili. Nilitaka ajue kwamba mimi nina malezi.

Akashusha sufuria. Ilikuwa ile kubwa ya marehemu mke wa mzee, sufuria ya sherehe. Akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, na Mama Faida akisema kwa sauti ya chini mtu huogopa. "Taa kwa katekista. Redio kwa mupangaji. Kiti kwako. Sufuria kwangu. Fundi, huyu mutu kesho atakaa wapi? Atapikia nini?"

Nikasema labda anahamia Kalemie kwa mwanawe.

"Umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Simama."

Nikamkumbusha desturi. Nilimweleza kwa upole, kama msomi, kwamba kurudisha zawadi ya mzee ni tusi, na kwamba yeye kama mtu mzima anajua hivyo. Jibu lake nimelibeba mpaka leo: "Desturi inasema tupokee. Haijasema tusiulize kwa nini anatoa vyote."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu hapa mtaani. Walipokuwa ukimbizini Tanzania, baba yake mkubwa alifanya hivyo hivyo. Aligawa jembe, blanketi, hata kadi ya chakula. Kambi nzima ilimsifu kwa moyo wa utoaji. "Tulipokea vitu vyake," akasema, "na wiki ile ile tukamuzika. Blanketi yake mi ndiyo nilijifunika nayo kwenye matanga."

Mwanangu, nilisimama kutoka kwenye kile kiti kama kimenichoma.

Tukatoka, yeye na sufuria kichwani, mimi na kiti kichwani. Watu wa mtaa walitoka milangoni kutazama, si kwa sababu ya kiti. Walikuja kumwona Fundi akitembea. Mmoja akauliza kama kwangu kumeungua. Mama Faida hakugeuka hata mara moja. Mimi niligeuka mara tatu, nikitafuta njia ya kurudi nyumbani yenye heshima.

Nyumba ya Mzee Wilondja ilikuwa imefagiwa safi kuliko nilivyopata kuiona. Alikuwa amekaa juu ya jiwe la mlangoni, kwa kuwa kiti nilikuwa nacho mimi. Mama Faida alitua sufuria, akakaa chini kabisa, kwenye udongo, macho yake yakawa chini ya macho ya mzee. Alimsalimu. Alimuuliza kama amekula. Halafu, bila kuzunguka, akamuuliza lile swali.

"Baba, nakuuliza kama binti yako, unisamehe. Uko unafikiri kujiua?"

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kiti. Sisi tulikuzwa kuamini kwamba neno kama hilo halitamkwi, kwamba ukilitaja umeliita, na kwamba kumtamkia mzee ni laana. Nilimvuta kitenge yaya wangu anyamaze. Akaupiga mkono wangu bila kunitazama, kama mtu anayefukuza inzi juu ya ndagala.

Mzee hakukasirika. Hilo ndilo ninalotaka ulishike. Hakukasirika, hakushangaa. Alishusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyesaidiwa kutua mzigo aliotembea nao kutoka milimani, kutoka Bibokoboko huko, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nilizani hakuna mutu ataniuliza," akasema.

Akazungumza. Mama Faida hakumkatiza, hakumhubiria, hakumwambia ashukuru. Kila mzee alipotulia, alisema tu "Ndiyo, Baba," au "Endelea, Baba." Mimi nilifungua mdomo mara moja nikiwa na methali tayari, akanitazama, nikaimeza. Alimuuliza tangu lini, akasema tangu mvua za kwanza. Alimuuliza kama leo pia, akasema leo hasa. Basi akamwomba amkabidhi kile alichokuwa amekiweka kwa ajili hiyo. Sitakitaja, hakina faida kwako. Mzee akainuka, akakileta, akakiweka mkononi mwake, na akakaa tena kwenye jiwe kama mtoto aliyechoka.

Mama Faida alisema atakwenda kumtafuta katekista na kumpigia simu mtoto wa Kalemie. Kisha akanigeukia. "We Fundi, kazi moja unaijua kuliko batu bote wa Baraka. Kaa. Sasa kaa hapa, usimwache hata akienda chooni usimame karibu."

Nikakaa. Mwanangu, maisha yangu yote watu walinicheka kwa kukaa, na siku ile kukaa kukawa na maana. Baada ya muda mrefu mzee akatazama mshono wa suruali yangu, akasema umekwenda kombo. Nikamwambia ni kweli. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote mpaka jua likaanza kushuka, na majirani wengine wakaja kupokezana nasi.

Asubuhi walimpandisha kwenye taksi-moto, pikipiki ya abiria, mzee katikati na Mama Faida nyuma amemkumbatia, hadi kituo cha afya ambako kulikuwa na muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili. Mimi nilifika kwa miguu, nimechelewa, nusura nikate roho kwa umbali, na muuguzi akadhani mgonjwa ni mimi. Alikuwa kijana mtulivu. Alituambia kwamba kichwa nacho ni kiungo, kinaugua kama tumbo na ini, na kwamba huzuni ya namna hii ni ugonjwa, si uzee tu, wala si dhambi, wala si mkono wa mtu. Alitoa dawa, akaonya kwamba zinachukua majuma kabla ya kuonyesha nguvu, na kwamba katika majuma hayo watu ndio wanaomshika mgonjwa. Nikamuuliza, kwa aibu, kama lile swali la jana lilikuwa hatari. Akasema hapana, swali halimtii mtu wazo, linampa tu mlango wa kulitolea. Akamtazama Mama Faida, akamuuliza amesomea wapi. Mama Faida akamjibu kwamba amesomea kwenye matanga.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifanya nimheshimu milele. Alipita nyumba kwa nyumba kukusanya vitu vya mzee, na hakuna aliyempenda kwa hilo. Mpangaji alisema redio ameitilia betri mpya. Akamwambia atoe betri zake. Katekista alisema taa imeshabarikiwa kanisani. "Vizuri," akasema Mama Faida, "imurudie na baraka yake." Wapo waliomwita mvunja mila. Wapo waliosema anamdhalilisha mzee kwa kumtangaza, ingawa yeye hakutangaza kitu. Aliomba vitu tu na kufunga mdomo, yule yule mwanamke tuliyesema hana kufuli mdomoni. Alitukanwa na watu ambao alikuwa anawaokoa wasijifunike blanketi kama lake. Naye aliendelea kutembea.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwanawe alivuka kutoka Kalemie, akakaa mwezi, akarudi kwenye kazi yake. Mzee alikataa dawa mara mbili. Mvua zilipoanza tena mwaka uliofuata, lile giza la ndani lilirudi, na Mama Faida akarudi kukaa chini kwenye udongo na kuuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, kama mtu anayeuliza hali ya homa. Tukampeleka tena kwa muuguzi. Katikati ya hayo, Mama Faida alikwenda ufukweni akawaambia wavuvi wampelekee mzee nyavu zilizochanika. Hazikuwepo za kutosha, basi wakachana nzima. Mzee alipoziona alitukana nusu saa, akasema vijana wa siku hizi hawajui hata kuchana wavu kwa njia ya kawaida, samaki gani ana meno ya namna hii. Sisi tuliokuwa nyuma ya ua tulilia machozi ya furaha, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia hasira yake baada ya miezi mingi. Hasira ile ilitupendeza kuliko ule utulivu wa mwanzo.

Leo Mzee Wilondja amepita themanini. Amemwona kitukuu. Juzi amesema shati nililomshonea linafaa kuvulia ndagala.

Basi mwanangu, nikuambie nilichokipata kwa kuchelewa. Ukimwona mzee ameacha kazi aliyoipenda, halali usingizi, hali chakula, anajiita mzigo, usimtafutie methali. Mimi nilimpa nzuri kabisa, na nusura imzike. Ukimwona anagawa vitu vyake vyote, au anaaga watu bila safari, au ametulia ghafla baada ya miezi ya giza, mwendee siku hiyo hiyo. Kaa chini mbele yake, umwulize kwa neno lenyewe, bila kulivisha nguo: unafikiri kujiua? Kuuliza si ujinga, na kwa jambo hili kutouliza ndiko ujinga. Akisema ndiyo, usimgombeze, usimhubirie, usiape kuficha siri. Msikilize. Mwombe akukabidhi chochote cha kumdhuru, usimwache peke yake, na mfikishe kwa watu wa afya, umrudishe tena na tena, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Halafu mpe kazi ya kufanya na mtu wa kumtania. Wazee wengi tunawaambia "pumzika, Baba" mpaka wanasahau kwamba wanahitajika.

Na wewe mzee mwenzangu, ambaye labda mjukuu anakusomea haya na roho yako imekaza: kama wazo hilo linakutembelea, mwambie mtu mmoja leo. Mmoja anatosha kuanzia. Akikupa methali kama mimi, nenda kwa wa pili. Ugonjwa huu una dawa, na hukosi heshima kwa kuutaja.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na ndani ya umri huo akupe jirani wa kukusumbua. Asikunyime masikio ya kusikia aliyenyamaza. Na siku yako ya giza ikifika, afike mtu akae udongoni mbele yako kabla hujafagia nyumba.

Nilipomaliza kuandika nilimwita Mama Faida, nikamsomea yote kutoka mwanzo hadi kwenye baraka, nikitua vizuri penye kutua. Alisikiliza hadi mwisho huku akichambua ndagala, akapangusa mikono, akasema: "Umeandika muzuri, Fundi. Lakini Mama Nabinto wa nyuma ya kanisa hajaonekana sokoni wiki ya pili sasa, na we uko hapa unasoma. Vaa viatu, twende."